Fundi wa Kumi: Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Kazi na Waheshimiwa Wabunge

Dar es Salaam,
Aprili 2025

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, mwenye dhamana ya kazi na ajira,
na Waheshimiwa Wabunge wote mlioko Dodoma katika mkutano wa bajeti.

YAH: MAREKEBISHO YA SHERIA ZA KAZI NA HALI YA MWAJIRI MDOGO

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima naomba mnipe nafasi ya kusema hadharani jambo ambalo nimejaribu kulisema faraghani kwa miaka miwili bila kupata jibu. Barua yangu ya kwanza niliipeleka kwa mkono mwaka 2023 katika ofisi niliyoelekezwa kuwa ndiyo husika, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri huo ninayo hadi leo. Ya pili niliipeleka mwaka uliofuata. Kila nilipokwenda kuulizia niliambiwa jalada liko kwa mkubwa, nirudi wiki ijayo. Nimerudi wiki nyingi. Sasa nawaandikia ninyi moja kwa moja, mbele ya macho ya wananchi wenzangu.

Ninamiliki karakana ya kushona sare za shule hapa Ilala, si mbali na soko la Mchikichini. Nilianza mwaka 2011 nikiwa na cherehani mbili na fundi mmoja. Leo nina mafundi tisa, kila mmoja ana mkataba wa maandishi, kila mmoja anachangiwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii kila mwezi, na wote wamo katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Nayataja haya ili ieleweke tangu mwanzo kwamba sitafuti njia ya kuikwepa sheria. Niliamua kuifuata, na kila mwaka naona mtu wa kiwango changu anazidi kupata tabu kuendelea kuifuata.

Mjadala wa Bunge uliozaa Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kazi Namba 1 ya mwaka 2025 niliufuatilia kwa redio palepale karakanani, mafundi nao wakisikiliza huku wanashona. Kila lilipotajwa neno "mwajiri" nilimwona mtu mwenye ofisi ya utumishi, mwanasheria wa kudumu na meneja wa kila idara. Mtu huyo yupo, na sheria inamhusu kwa haki. Lakini yupo pia mwajiri ambaye asubuhi anafungua mlango mwenyewe, mchana anakwenda Kariakoo kutafuta jora la kitambaa cha bluu, na usiku anakaa na daftari kupiga hesabu za mishahara. Huyo sikumsikia. Hoja zangu kwa ajili yake ni hizi.

1. Mkataba wa msimu umefunguliwa mlango, lakini kizingiti kimebaki.

Kazi ya sare ina msimu wake, na msimu huo anaujua kila mzazi. Shule zinafunguliwa Januari, kwa hiyo kuanzia Novemba wateja wanamiminika, na kufikia katikati ya Desemba mafundi tisa hawatoshi hata kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, zilipwe mara moja na nusu. Sina ugomvi na kipimo hicho. Jicho la fundi aliyeshona saa kumi na mbili mfululizo ndilo linalokosea mshono, na kidole chake ndicho kinachoingia chini ya sindano. Dawa yake ni kuongeza mikono. Nahitaji mafundi wengine saba au wanane kwa miezi mitatu, kisha kazi inapungua na sina cha kuwapa hadi Juni.

Kwa miaka yote tangu mwaka 2004, kifungu cha 14 cha sheria hiyo kiliruhusu mkataba wa muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi tu. Fundi cherehani hakuwemo. Kwake ulibaki mkataba usio na ukomo au mkataba wa kazi mahususi, na huo wa pili ulitufikisha kwenye mabishano yasiyokwisha: kazi mahususi ni ipi, ni oda ya shule moja au ni msimu mzima? Wenzangu wengi walichoka kubishana wakaamua kutoandika chochote. Fundi anakuja asubuhi, anashona, jioni anahesabiwa nguo zake na kupewa fedha mkononi. Mtaani tunamwita deiwaka. Akiugua, hakuna anayemjua. Akitobolewa kidole na sindano, anafunga kitambaa anaendelea.

Marekebisho ya mwaka huu yameruhusu mikataba ya muda maalumu hata kwa wasio wataalamu katika mazingira yaliyotajwa, kazi za msimu zikiwemo. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati, Waheshimiwa, maana ndilo nililoliomba katika barua zangu zote mbili. Lakini Kanuni za Jumla za mwaka 2017 ziliweka sharti kwamba mkataba wa muda maalumu usipungue miezi 12. Kanuni hiyo isipooanishwa na sheria mpya, nitawezaje kumwandikia fundi mkataba wa Novemba hadi Januari? Sheria itakuwa inaniambia ndiyo, na kanuni iliyo chini yake inaniambia hapana. Mwenye mwanasheria atapata tafsiri. Mimi nitapata hofu, na hofu hiyo ndiyo inayozaa deiwaka.

2. Kikao cha nidhamu kimetungwa kwa ajili ya kampuni, si kwa ajili ya chumba chenye watu kumi.

Mwaka 2022 niligundua kuwa vitambaa vinapungua. Mkataji ndiye aliyehesabu na kuona upungufu, mlinzi ndiye aliyemwona fundi mmoja akitoka na mfuko usiku, na mimi ndiye niliyeibiwa. Kanuni za Utendaji Bora, yaani Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinataka mtuhumiwa apewe taarifa ya maandishi na muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, aje na mwakilishi wake, na kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ya uongozi ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Taarifa niliandika. Saa 48 nilitoa, nikaongeza na siku moja juu yake. Mwakilishi alikuja naye. Nilipofika kwenye mwenyekiti nikakwama, kwa sababu katika karakana yangu uongozi wa juu ni mimi, na mimi ndiye mlalamikaji.

Nilimwomba mwenye karakana ya jirani aongoze kikao. Alikiongoza kwa utulivu na kwa haki, nasema hivyo hata leo. Siku ya 27 baada ya kumwachisha kazi, fundi yule alifungua shauri. Hiyo ilikuwa haki yake, maana amepewa siku 30. Wakili niliyemwendea aliniambia wazi kwamba sababu ninayo lakini utaratibu una doa, kwamba mtu wa nje kuwa mwenyekiti kungeweza kupingwa, na kwamba wakati ule kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kiliweka fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12. Kwa mshahara wake wa shilingi 300,000 hiyo ni shilingi 3,600,000. Tulimalizana kwa mishahara ya miezi minne. Mafundi waliobaki waliona, na kwa muda mrefu sikuweza kuwatazama usoni nikizungumzia uaminifu.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Sitaki haki ya kusikilizwa iondolewe. Nimewahi kuwa fundi wa watu. Nilifukuzwa mwaka 2006 kwa kosa la mwenzangu, mlangoni, mbele ya wateja, bila kuulizwa hata neno moja, na uchungu wa siku ile haujanitoka. Mtu lazima aambiwe kosa lake, apewe muda, asikilizwe akiwa na mtu wake pembeni, na apewe uamuzi kwa maandishi. Haya manne mwajiri mdogo anaweza kuyatimiza bila visingizio. Asichoweza ni kuzalisha ngazi za uongozi ambazo hana.

3. Fundi wa kumi.

Hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu linazuia ajira ambayo iko tayari. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wengi tunaiita SDL, ilikuwa inamgusa mwajiri mwenye wafanyakazi wanne na kuendelea. Mwaka 2021 mkapandisha idadi hiyo hadi kumi, na mwaka 2023 mkashusha kiwango hadi asilimia 3.5. Zilikuwa hatua njema, na ndizo zilizoniwezesha kutoka mafundi sita hadi tisa.

Sasa nimesimama kwenye tisa. Tufanye kila fundi analipwa shilingi 300,000. Nikiwa na tisa, tozo yangu ni sifuri. Nikimwajiri wa kumi, mishahara yote inakuwa shilingi 3,000,000, na tozo inatozwa kwa fungu lote, si kwa mshahara wake peke yake: ni shilingi 105,000 kila mwezi. Kwa hiyo mtu huyo mmoja ananigharimu mshahara wake, mchango wake wa hifadhi ya jamii, mchango wa fidia, na juu yake theluthi nyingine ya mshahara ambayo haiendi kwake. Kuna binti amemaliza mafunzo ya ushonaji, amekuwa akija karakanani tangu Januari kuuliza nafasi. Kazi ninayo, cherehani ninayo, na mahali pa kukaa pako. Nimemwambia asubiri, na nimeona aibu kumweleza kwamba kinachomzuia ni tozo iliyowekwa kwa ajili ya kuendeleza ufundi kama wake.

4. Likizo ya mama wa mtoto njiti.

Sheria mpya inaongeza likizo ya mama aliyejifungua kabla ya wakati, kwa muda uliobaki hadi kutimia wiki 36 za ujauzito, na baba wa mtoto huyo anapewa siku 7 badala ya 3. Naiunga mkono bila masharti. Mwaka 2019 fundi wangu mmoja alijifungua ujauzito ukiwa na miezi saba. Siku zake 84 ziliisha mtoto akiwa bado hajafikisha kilo tatu, na nilimwongezea miezi miwili kwa nusu mshahara, kwa sababu nusu ndiyo niliyokuwa nayo. Mtoto yuko darasa la kwanza sasa, na sare yake nilimshonea mwenyewe.

Ninachouliza ni nani anabeba mzigo. Mwenye wafanyakazi 500 hatausikia. Mwenye tisa, ambaye saba kati yao ni wanawake walio katika umri wa kuzaa, atausikia sana, na ninachelea kwamba wapo watakaoanza kuwakwepa wanawake kimyakimya wakati wa kuajiri, jambo ambalo ni kosa kisheria lakini ni gumu kulithibitisha. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii tayari una mafao ya uzazi kwa mwanachama mwenye michango ya kutosha. Siku hizi za nyongeza, kwa waajiri wadogo, zingebebwa na mfuko ili mama asigeuke tishio machoni mwa anayemwajiri.

5. Anayekaguliwa ni mwenye jalada.

Mwaka jana niliomba kazi ya sare za shule moja nikashindwa kwa tofauti ya shilingi 1,500 kwa kila sare. Aliyeshinda namfahamu, mafundi wake hawana mkataba hata mmoja, na wanaokaribia miezi sita wanaambiwa wapumzike kidogo, kwa kuwa kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Kwangu mkaguzi amekuja mara tatu, na mara zote nimempokea na kumwonyesha kila karatasi. Kwa yule hajafika, kwa sababu hayumo katika orodha yoyote.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba sheria ni moja kwa wote na haiwezi kumpimia kila mtu kwa kimo chake. Lakini mmeshapima. SDL inatofautisha tisa na kumi. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 inaitambua biashara ndogo kuwa yenye wafanyakazi 5 hadi 49, na yenye chini ya hapo kuwa ndogo kabisa. Kipimo kipo serikalini kwa zaidi ya miaka 20. Ila sheria za kazi hazijakitumia pale panapoumiza.

La pili ni kwamba Kanuni za Utendaji Bora ni mwongozo, na sheria yenyewe inamruhusu mtu kwenda kinyume chake akiwa na sababu. Ni kweli, lakini sababu hiyo anaieleza akiwa tayari ameshtakiwa, akiwa ameshamlipa wakili na ameshafunga kazi kwa siku kadhaa kuhudhuria shauri. Ruhusa ya namna hiyo inamfaa mwenye uwezo wa kungoja.

La tatu ni kwamba waajiri wana wawakilishi wao. Sheria ya Taasisi za Kazi Namba 7 ya mwaka 2004 iliunda Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, ambamo serikali, waajiri na wafanyakazi wanakaa pamoja, na ni utaratibu mzuri. Waajiri wa karakana, mama wa mgahawa wenye wahudumu sita na vijana wa gereji hatumo katika chama cha waajiri, wala mafundi wetu hawamo katika vyama vya wafanyakazi. Yaani pande zote mbili za karakana yangu hazina kiti. Habari za kikao cha kutoa maoni kuhusu muswada huu zilinifikia kikiwa kimeshapita. Treni ya kisasa imeifanya Dodoma kuwa karibu, lakini siku moja ya kuifunga karakana Desemba ni hasara ya wiki.

Na la nne, ambalo ndilo zito: kwamba mwajiri mdogo akilegezewa atamnyonya mfanyakazi. Hofu hii ina msingi, kwa sababu unyonyaji nimeuona na nimeupitia. Ndiyo maana siombi kupunguziwa kima cha chini cha mshahara, wala likizo ya siku 28, wala siku za ugonjwa, wala mchango hata mmoja wa hifadhi ya jamii. Siombi haki ya fundi ipungue. Naomba njia ya kuitimiza haki hiyo iwe njia ambayo mtu mwenye chumba kimoja anaweza kuipita.

Maombi yangu, basi, ni haya. Kwanza, Mheshimiwa Waziri, sharti la miezi 12 liondolewe waziwazi kwa mikataba ya msimu, na kitolewe kielelezo cha mkataba huo kwa Kiswahili, kurasa mbili zisizozidi, ambacho fundi ataweza kukisoma mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Pili, Kanuni za Utendaji Bora ziwe na utaratibu mfupi wa nidhamu kwa mwenye wafanyakazi chini ya 50, unaotamka kwamba mwenyekiti wa kikao anaweza kutoka nje ya biashara ikiwa pande zote mbili zimemkubali kwa maandishi. Tatu, Waheshimiwa Wabunge, mtakapoujadili Muswada wa Fedha, SDL itozwe kwa mishahara ya wanaozidi tisa tu badala ya fungu zima. Kwa hesabu niliyotoa hapo juu, tozo ya fundi wa kumi ingekuwa shilingi 10,500, na ningemwajiri kesho yake. Nne, siku za nyongeza za mama wa mtoto njiti zibebwe na mfuko kwa waajiri wadogo. Tano, ukaguzi uanzie kwa wasiosajiliwa, mtaa kwa mtaa, na lengo lake la kwanza liwe kuwaingiza katika orodha kabla ya kuwatoza faini. Na kanuni za sheria hii mpya zinapoandaliwa, kiandaliwe kikao kimoja cha maoni hapa Dar es Salaam, jioni baada ya saa za kazi, mafundi na wenye karakana waitwe pamoja.

Mafundi wa msimu huanza kutafutwa Oktoba. Wawili kati ya walioshona nami Desemba iliyopita wameshaniuliza kama safari hii watapata karatasi, na nimewajibu kwamba nasubiri neno lenu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mmiliki wa karakana ya sare za shule,
Ilala, Dar es Salaam.